Barua ya wazi kwa uongozi wa shule: projekta ikizima, somo nalo lizime?

KWA: Mkuu wa Shule, Wajumbe wa Bodi ya Shule na Kitengo cha TEHAMA

YAH: KUKOSEKANA KWA MPANGO WA AKIBA VIFAA VYA DARASANI VINAPOGOMA

Waheshimiwa viongozi wangu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa Biolojia hapo kwetu, mnanifahamu, na kabla sijaanza niseme tu kwamba siandiki hadharani kwa sababu napenda kuanika mambo ya ndani. Hili jambo nimelileta kwenye kikao cha walimu mara tatu, nikaandika barua ya kawaida kupitia kwa mkuu wa idara, nikajaza fomu ya matengenezo mpaka nimeshaikariri ilivyo, na kila mara jibu ni lile lile, limepokelewa, linafanyiwa kazi. Muhula umepita, mwingine umepita. Sasa nimeona niseme mbele ya wazazi na walimu wenzangu wote, labda nikisema kwa sauti ndo litasikika.

Na mapema kabisa mnielewe, mimi sio adui wa teknolojia. Siku projekta zinafungwa nilikuwa mstari wa mbele kushangilia. Mtoto aliyezoea kuona seli ikiwa mchoro tu kwenye kitabu, ukamwonesha ikigawanyika pale ukutani, zile kromosomu zinavutwa huku na huku, anaelewa kitu ambacho mimi nilikuwa nakihangaikia wiki nzima kwa kupunga mikono. Ndo maana nalalamika. Kitu kikishafanywa kuwa njia kuu ya kufundishia, basi siku kikigoma lazima kuwe na njia ya pili, na hiyo njia ya pili iandaliwe na shule, sio iachwe kwa mwalimu mmoja aliyesimama mbele ya watoto 40 anatokwa jasho.

Ngoja niwapeleke darasani kwangu kidogo.

Ni Jumanne, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko. Kuna binti mmoja darasani, mpole sana, muhula mzima hajawahi kunyoosha mkono. Nikampa yeye na kikundi chake kazi ya kuwasilisha mfumo wa moyo, wakaandaa wiki mbili, slaidi kachora mwenyewe kwenye kompyuta ya maktaba, damu yenye oksijeni kaipaka nyekundu, isiyo na oksijeni bluu, vishale vyote vipo mahali pake. Siku hiyo akasimama, slaidi ya kwanza ikatokea, akasema sentensi yake ya kwanza, tena kwa sauti nzuri tu. Feni ya projekta ikaanza kuvuma, ikavuma zaidi, picha ikakata. Kimebaki kile kitaa chekundu cha joto kinawaka na kuzima.

Tukazima, tukasubiri, tukawasha. Ikakaa dakika moja ikakata tena. Kijana mmoja akapanda juu ya meza akawa anaipepea na daftari. Mimi nampigia fundi, simu inaita tu. Nikageuka niseme basi njoo uchore hapa ubaoni, nikakumbuka hakuna ubao, ule wa chaki mliung'oa na ukuta mkaupaka rangi nyeupe ili picha ionekane vizuri, na ukipaandika pale ni kuharibu mali ya shule. Yule binti kasimama pale na rimoti mkononi dakika 17, nilikuwa naangalia saa. Halafu akanisogelea akaniambia polepole, "Basi Madam, tutafanya siku nyingine", akaenda kukaa.

Baadaye fundi alivyofungua kichujio cha hewa cha ile projekta vumbi lilikuwa limeshonana kama kipande cha blanketi. Yaani mashine ilikuwa haipumui, ikapata joto, ikajizima kujilinda kama ilivyotengenezwa kufanya. Kichujio cha kufuta vumbi! Ndo kilichomrudisha mtoto kwenye kiti.

Sasa hoja zangu ni hizi.

1. Ubao uling'olewa na hakuna kilichowekwa badala yake. Hii naiweka ya kwanza kwa sababu ni chanzo cha mengine yote. Ubao hauhitaji umeme, hauhitaji nywila, haufanyi apdeti. Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini skrini na ubao visikae chumba kimoja, ukuta upo mrefu wa kutosha.

2. Mitihani ya kwenye kompyuta haina utaratibu wa nini kifanyike mtandao ukikata katikati. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa kuna mtoto anaonewa na hajui kama ameonewa. Jaribio la mwisho la muhula lilifanyika vyumba viwili kwa wakati mmoja, mtandao ukakata, chumba changu nikawaambia watoto waweke mikono chini wasubiri, chumba cha pili msimamizi akawaambia waendelee kujibu utarudi. Uliporudi, wengine majibu yalikuwa yamehifadhiwa, wengine ukurasa ulianza upya mweupe, na muda ulikuwa umeendelea kuhesabu pale juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi niliongeza dakika 15 kwa kukisia tu kichwani, mwenzangu hakuongeza. Mtihani mmoja, watoto wale wale, sheria mbili, na alama zikaenda kwa wazazi kama zilivyo. Nani kati yetu alikosea? Hakuna, kwa sababu hakuna karatasi popote iliyotuambia tufanye nini.

3. Fomu ya tathmini ya mwalimu inamuadhibu anayeacha kifaa. Hili huwa halisemwi vikaoni ila walimu tunaliongea sana tukiwa wenyewe. Kwenye ile fomu kuna alama za matumizi ya TEHAMA darasani, na mkaguzi akiingia akakukuta unachora kwa mkono anakupa alama za chini. Matokeo yake mwalimu anabaki anachokonoa kebo nusu ya kipindi kwa sababu anaogopa, wakati angeweza kuachana nayo dakika ya tano akaendelea na somo. Yaani kinachokula muda wa watoto sio hitilafu peke yake, ni na ile hofu ya kuonekana hujatumia kifaa.

4. Kila kitu kimewekwa sehemu moja, na sehemu yenyewe iko mtandaoni. Notisi, vitabu, mahudhurio, alama, maandalio ya somo, vyote vinapita kwenye akaunti moja, mtandao ukigoma hata orodha ya majina ya darasa sina. Na tusidhani ni sisi tu wenye mtandao mbovu. Tarehe 14 Desemba 2020, katika mwaka ambao shule nyingi duniani zilikuwa zinafundishia mtandaoni, huduma za Google zilizima kama dakika 45 kwa sababu ya hitilafu kwenye mfumo wa kutambua akaunti, na Google Classroom ikaenda na maji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea karibu saa 6, na wengi tunajua matangazo ya shule siku hizi yanapita wapi. Tarehe 20 Oktoba 2025 Amazon ilipata hitilafu kwenye kanda yake moja ya vituo vya data huko Marekani, na Canvas, mfumo unaotumiwa na vyuo na shule nyingi, ukaanguka nao. Hayo ni makampuni yenye pesa na mainjinia wa kila aina. Kama kwao inatokea, kwetu tusipange kana kwamba haitatokea.

5. Kuna watoto ambao kifaa kwao sio urembo. Nina mwanafunzi mwenye uoni hafifu, anasoma kwa kukuza maandishi kwenye tableti. Nina mwingine asiyesikia vizuri anayefuata maelezo ya chini ya video. Umeme ukikata darasa zima linapunguza kasi, ila hao wawili wanatoka kabisa kwenye somo, wanakaa tu wanasubiri. Wengine nikianza kusoma kwa sauti wanaendelea. Yule wa pili nikisoma kwa sauti ndo nimemwacha kabisa. Siku ile ya jaribio huyu wa tableti hakuna aliyemchapia mtihani wa maandishi makubwa, akajibu maswali matatu tu ya mwanzo aliyokuwa ameshayaona. Hili linaniuma kuliko mengine yote humu.

6. Nywila na funguo za chumba cha vifaa anazo mtu mmoja. Ni mtu mzuri, mchapakazi, simlaumu hata kidogo. Lakini anaumwa kama binadamu wengine, anafiwa, anasafiri. Akiwa hayupo shule nzima inasimama.

7. Matunzo. Kichujio cha projekta nimeshasema. Betri za UPS, vile vifaa vinavyoshikilia umeme ukikatika, zile za madini ya risasi, kwa kawaida zinadumu miaka 3 mpaka 5 halafu zinakuwa pambo, zetu hakuna anayejua zilifungwa lini. Apdeti zinaanza zenyewe saa nne asubuhi wakati zingeweza kupangwa usiku. Laptopu mpya hazina tundu la VGA, lile la zamani la kuunganishia picha, projekta za zamani ndo zinataka hiyo hiyo, na adapta iko moja jengo zima. Halafu kuna vitu vinakufa na tarehe inajulikana miaka kabla: Adobe walitangaza kabisa kwamba Flash, programu yao ya kuchezea animesheni, mwisho wake ni 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikawa haichezi tena, nikapoteza animesheni zangu zote za usanisinuru nilizokuwa nimekusanya miaka. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia bure 14 Oktoba 2025. Nani hapo shuleni kazi yake ni kuangalia kalenda ya vitu kama hivi? Nimeuliza, sijapata jina.

Sasa najua mtakachojibu kwa sababu nimeshajibiwa, kwa hiyo niyapitie.

Mtasema bajeti haitoshi. Naelewa, na ndo maana ukisoma maombi yangu huko chini utaona karibu yote ni karatasi, chaki na kukaa chini kukubaliana. Siombi projekta ya pili kila chumba.

Mtasema ni mara chache. Mimi naandika kwenye daftari. Muhula huu vipindi 19 vya kwangu peke yangu vilivurugwa na vifaa. Tuseme kila kimoja kilikula dakika 15 tu, na mnajua ile Jumanne ilikula zaidi, hizo ni dakika 285, yaani vipindi saba vizima vya dakika 40. Vipindi saba ni mada nzima ya mfumo wa damu. Na hapo ni mwalimu mmoja, somo moja.

Mtasema mwalimu mzuri hahitaji mashine. Hili linaniumiza kidogo kwa sababu linasemwa kama sifa, kumbe linatupa mzigo wote kwetu. Ndio, naweza kufundisha bila mashine, nilifundisha hivyo miaka mingi tu. Ila somo lililoandaliwa kwa video haligeuki somo la ubaoni kwa dakika moja, tena bila ubao. Na tuna walimu vijana waliofundishwa kazi kwa slaidi toka siku ya kwanza chuoni, hawajawahi kuchora figo ubaoni huku darasa linawatazama. Sio kosa lao. Wafundishwe.

Mtasema watoto watumie simu zao, au mwalimu awashe bando lake. Sio kila mtoto ana simu, na yule asiye nayo ndo huyo huyo anayebaki nyuma kila siku. Bando langu pia ni la kwangu waheshimiwa.

Na mtasema mpango upo. Kweli upo, nimeusoma, umewekwa kwenye folda ya mtandaoni. Fomu ya kuripoti kwamba intaneti haifanyi kazi inajazwa kwa intaneti. Hapa naomba tutulie kidogo kwa sababu naona ndo moyo wa barua yangu: akiba inayoegemea kitu kile kile kilichoharibika sio akiba. Tarehe 13 Februari 2024 jiji la New York lilifunga shule kwa sababu ya theluji wakahamishia masomo mtandaoni, huo ndo uliokuwa mpango wao wa pili, na asubuhi ile watoto na walimu wengi wakashindwa hata kuingia kwa sababu mfumo wa kuingilia ulielemewa. Mlango ulikuwa mmoja, wote wakakwama mlangoni. Kwa hiyo tunapoandaa mbadala swali la kwanza liwe hilo, hiki nacho kinahitaji umeme? kinahitaji mtandao? kinahitaji nywila ya fulani? Kama jibu ni ndiyo, tuendelee kutafuta.

Ninachoomba, kwa heshima:

a) Kila chumba kirudishiwe ubao kabla muhula ujao haujafunguliwa, hata mdogo wa pembeni.

b) Kila idara iwe na sanduku la akiba, sanduku halisi la kubeba, ndani mna chaki, markapeni, manila, adapta, ekstensheni, majina ya wanafunzi yaliyochapwa, na michoro mikubwa ya mada zote kuu za muhula. Kwa Biolojia michoro hiyo najitolea kuiandaa mimi. Nakala za maandishi makubwa ziwemo humo humo, na maelezo ya video yaliyochapwa pia, zisiwe za kuombwa.

c) Vitu vya kusomea vikae pia ndani ya shule, sio mtandaoni tu. Kuna Kiwix inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila intaneti, kuna Kolibri iliyotengenezwa maalum kwa shule zisizo na mtandao, zote ni za bure na zinakaa kwenye kompyuta moja inayosambaza kwa zingine hapo hapo ndani. Alama za wanafunzi ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae nje ya jengo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilionesha kwamba duniani ni asilimia 40 tu ya shule za msingi zenye intaneti, na shule moja ya msingi katika kila nne haina hata umeme. Huko kote watoto wanasoma kila siku na walimu wana mbinu zao. Tujifunze kwao.

d) Iandikwe sheria ya dakika tano. Kifaa kisiporudi ndani ya dakika tano mwalimu anaachana nacho anahamia kwenye karatasi, na kwenye fomu ya tathmini hilo lihesabike kama uamuzi sahihi, apate alama zake kamili. Kwa kweli hili halihitaji hata senti moja, linahitaji sahihi ya Mkuu.

e) Mitihani ya kwenye kompyuta iwe na nakala za karatasi zilizofungwa ofisini, ikiwemo ya maandishi makubwa, na ukurasa mmoja unaosema mtandao ukikata tunasubiri dakika ngapi, nani anaamua kuhamia karatasi, muda unaongezwaje, na uwe ule ule vyumba vyote. Na lile jaribio la muhula uliopita naomba lipitiwe upya kwa watoto waliopoteza majibu.

f) Watu wawili, sio mmoja, wawe na nywila na funguo, na nakala ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa Mkuu.

g) Mara moja kila muhula tuzime kwa makusudi. Siku moja, imetangazwa, hakuna projekta, hakuna mtandao, tufundishe tuone nini kinapungua halafu jioni tukae tuandike. Zoezi la moto tunafanya na shule haijawahi kuungua. Hili linatokea kila wiki na hatujawahi kulifanyia zoezi hata siku moja.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, hata kama mengine mtaniambia hayawezekani, niambieni ni yapi na kwa nini, hapo tutakuwa na pa kuanzia. Sitaki vita na mtu. Kikao chochote nitakuja, na daftari langu nitakuja nalo, mlikague tarehe kwa tarehe.

Na jambo moja la mwisho. Yule binti nimempangia tena Alhamisi ijayo, kipindi cha tatu. Nimenunua manila kubwa nne, moyo wake tumeuchora upya pamoja baada ya masomo, vishale vyote vipo, nyekundu na bluu. Projekta ikiwaka atatumia slaidi, isipowaka atabandika manila ukutani kwa gundi ya karatasi isiyong'oa rangi. Mkuu, na mjumbe yeyote wa Bodi mwenye nafasi, nawaomba mje mkae nyuma mumsikilize. Ni dakika kumi tu.

Wenu mtiifu katika kazi,

Mwalimu wa Biolojia